Semina Iliyokosa Mtu wa Kuifunga

Nchi yetu ipo, na anayetaka kujua iko wapi aulize kwa barua, kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila mwenye simu anaisema vibaya. Wanadai eti tuliwafungia wagonjwa wa saratani kwenye semina kwa miezi minane. Uongo mtupu! Ilikuwa miezi saba na siku kumi na tisa, na geti la chuo tulichofanyia semina halikuwa na kufuli hata siku moja. Mtaala wenyewe niliutunga mimi, Fidelisi Kahumbi, Mkuza Mitaala Mwandamizi wa Wizara ya Uelewa, kwa hiyo kama kuna mtu wa kulisimulia jambo hili bila chuki, basi mmempata.

Mambo yalianza na mzee mmoja aliyehojiwa na televisheni akiwa wodini. Mwandishi alimuuliza anaumwa nini. Mzee akajibu, "Sijui, wenyewe wanajua." Nchi nzima ikaona aibu. Kwingineko labda wangemtuma daktari akae na yule mzee robo saa, amweleze. Sisi hatufanyi mambo kienyeji. Tuliunda kamati, kamati ikasafiri kwenda kujifunza katika nchi nne, zote zenye fukwe nzuri, na iliporudi ikaleta Programu ya Taifa ya Kumwelewesha Mgonjwa wa Saratani na Familia Yake. Ni ya siku tano, chakula na malazi juu ya serikali. Ikafuata kanuni: bila Cheti cha Uelewa, mgonjwa wa saratani haingii chumba cha upasuaji, asije akapasuliwa kabla hajaelewa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kamati iliona wahenga walikosea, ikaagiza mgonjwa aulizwe kila kitu. Dodoso langu lilikuwa na maswali mia mbili na kumi, likiwemo la kumtaka mgonjwa aeleze maoni yake kuhusu dodoso. Kutokana na majibu ya wagonjwa nikatunga mada saba. Ya kwanza, Historia ya Wizara. Ya pili, Muundo wa Wizara. Ya tatu, ya nne na ya tano zilihusu Dira, Dhima na Nembo. Ya sita, Wajibu wa Mgonjwa kwa Taifa. Ya saba ilikuwa Saratani, kama muda utaruhusu.

*

Washiriki wa awamu ya kwanza walikuwa wagonjwa kumi na watano, kila mmoja na ndugu yake mmoja. Nitamtaja mmoja tu, kwa sababu ndiye anayenisumbua moyoni mpaka leo.

Bi Somoe Lipande alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Alikuja na mumewe, Mzee Ausi, fundi wa baiskeli, mtu mpole wa kutazama chini. Walikuja na barua ya daktari bingwa. Daktari alikuwa ameukuta uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi, akamwambia, "Umewahi, mama. Jumatatu ijayo tunautoa, na utaozesha wajukuu." Semina ilikuwa imalizike Ijumaa. Jumatatu kisu. Kila kitu kilikuwa kimepangika vizuri, na sifa nilizichukua mimi.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nina swali moja tu, na Baba Havijawa hapa ana lake moja. Tukijibiwa hayo, hizi siku tano tutakaa kimya kabisa."

"Maswali ni Ijumaa, mama. Saa tisa kamili mpaka saa tisa na nusu."

"Ni dogo, mwanangu."

"Dogo ndilo zuri, litaenea kwenye karatasi."

Nikawapa vikaratasi vya rangi, wakaandika, nikavibandika ukutani mahali palipoitwa Maegesho ya Maswali. Wenye kuhudhuria semina wanapajua mahali hapo: swali likishaegeshwa, halitoki. La Bi Somoe lilisema, *Nikishakatwa, mkono utaweza kushona?* La mumewe lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kutetemeka: *Ni kweli hii inaambukiza kwa kikombe?*

Baadaye nilikuja kujua kwamba dada zake Mzee Ausi walikuwa wamemtengea Bi Somoe sahani na kikombe chake, wakamwamuru kaka yao ahamie chumba cha uani. Mzee alihama. Hakuwa na elimu ya kuwabishia, na mkewe hakumlaumu, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna.

*

Sasa, kila mtu wa kwetu anajua kwamba semina haianzi mpaka ifunguliwe na mgeni rasmi, na haiishi mpaka ifungwe na mgeni rasmi, ambaye cheo chake hakipungui kile cha aliyeifungua. Hili halijaandikwa popote. Ni adabu tu, na adabu haitenguliwi na bunge.

Mgeni rasmi wetu alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Injinia Kwirini Malugu. Alitarajiwa saa tatu asubuhi, akafika saa saba na nusu mchana, tukamshukuru kwa kuwahi. Wagonjwa walikuwa wamesimama tangu saa mbili kwa ajili ya wimbo.

"Ndugu wagonjwa, itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa. "Saratani ni adui. Lakini yuko adui mkubwa kuliko saratani, naye ni mwananchi asiyeielewa Wizara inayompenda. Wengine mtauliza, lini nitatibiwa? Nawajibu: haraka haraka haina baraka! Ukitibiwa hujaelewa, umepona nini? Natamka rasmi kwamba semina hii imefunguliwa, na Ijumaa nitakuja kuifunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii miwili."

Akaiinua yote miwili. Tukaipigia makofi.

Alhamisi, kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, redio ikatangaza kwamba uteuzi wa Mheshimiwa Malugu umetenguliwa, na atapangiwa kazi nyingine. Nani anachukua nafasi yake, redio haikusema.

Ijumaa nilijitahidi. Mada ya sita ilivuka muda kwa sababu ya neno la shukrani, kwa hiyo saratani ikapata dakika kumi na moja, na kati ya hizo nne zilikuwa za kutafuta waya wa mashine ya picha. Kipindi cha maswali kikaliwa na tathmini. Ilipofika saa kumi jioni tulikuwa tumekaa, viti vimepangwa, meza kuu ina maua, na mgeni rasmi hayupo. Nikampigia simu Mkurugenzi wangu.

"Mkuu, nani atafunga?"

"Mwenye hadhi ya uwaziri."

"Waziri hatuna, mkuu."

"Basi haijafungwa. Endelea."

"Niendelee na nini? Mada zimekwisha."

"Mada ya kwanza unayo?"

"Ninayo."

"Sasa shida iko wapi, Kahumbi?"

Kweli, shida sikuiona. Nikarudi ukumbini nikawatangazia kwamba wamepata bahati ya marudio.

*

Jumatatu asubuhi Bi Somoe alikuja mbele akiwa ameoga, amejifunga kanga mpya, mkoba mkononi.

"Mwanangu, leo ndiyo siku yangu ya kisu. Nimekuja kukuaga."

"Geti liko wazi, mama."

Akatoka na mumewe. Hospitali iko ng'ambo ya barabara tu, ukisimama dirishani unaona mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Nikawaona wakifika. Nikamwona bawabu akinyoosha mkono kuomba cheti. Nikaona mkoba ukifunguliwa, ikatoka barua ya daktari, ikatoka kadi ya kliniki, ikatoka picha ya eksirei. Bawabu alibaki amenyoosha mkono vilevile. Baada ya saa moja walikuwa wamerudi.

"Wanataka cheti," Bi Somoe akasema.

"Cheti kinatolewa semina ikifungwa."

"Inafungwa lini?"

"Akipatikana wa kuifunga."

"Na cheti chenyewe kinahitaji nini hasa?"

"Muhuri, mama."

"Muhuri uko kwa nani?"

Hapo ningeweza kumdanganya, lakini mimi si mtu wa uongo. "Uko kwangu. Umo kwenye droo hii."

Akaitazama droo. Halafu akanitazama mimi.

"Sasa?"

"Mama, mimi nina watoto."

"Hata mimi ninao," akasema, akaenda kukaa mstari wa tatu. Kwenye daftari la mahudhurio nikamwandika kwamba yupo, ila amechelewa.

Jioni ile daktari bingwa alikuja mwenyewe, na koti lake jeupe. "Bwana Kahumbi, nina meza, nina kisu, nina damu kwenye friji. Sina mgonjwa hata mmoja mwenye cheti. Nipe wawili. Nipe hata mmoja!" Nikamshauri aandike Wizarani. Akaandika. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, likimpongeza kwa moyo wake na kumwelekeza ahudhurie semina.

*

Msidhani tuliwatesa. Walikula wali na maharage, Jumapili wali na nyama. Walilala mabwenini, wanawake huku, wanaume kule. Kufikia mwezi wa pili Mzee Ausi alikuwa na uwezo wa kuwataja manaibu katibu wakuu wote tangu uhuru bila kuangalia karatasi, jambo ambalo mimi mwenyewe siliwezi. Kila Ijumaa tulifanya kazi za vikundi. Vikundi viliulizwa matarajio yao, vyote vikaandika "kutibiwa", nami nikasahihisha kwa kalamu nyekundu ikawa "kupata uelewa kuhusu tiba".

Hata mimi sikwenda kwangu. Mwezeshaji haondoki semina ikiwa wazi. Mke wangu alikuwa akinipitishia mashati getini, akiuliza, "Hivi na wewe unaumwa?" Nikamwambia niko kazini. Msiniulize kwa nini nilikuwa napenda asimame pale muda mrefu.

Kila asubuhi nilipoita majina, Bi Somoe aliitika kwa namna yake. "Somoe Lipande!" "Nipo. Uvimbe umekuwa harage." Wiki kadhaa baadaye: "Nipo. Umekuwa korosho." Nilimwomba aitike "nipo" tu kama wenzake, kwa sababu daftari halina nafasi ya maelezo. Ikafika siku akaanza kuitika "nipo" peke yake, na badala ya kufurahi kwamba amenisikia, nilikosa hamu ya kula mchana wote.

Palikuwa na muuguzi, Sista Leokadia, aliyeletwa ukumbini kupima presha na kazi nyingine asiwe nayo. Siku moja saa ya chai nilitoka kwenda kupokea simu, na niliporudi nikawakuta wamemzunguka, wote thelathini, vikombe mkononi. Alikuwa amekaa juu ya meza kuu, miguu inaning'inia, maua ameyasogeza pembeni.

"Saratani ni chembe za mwili wako mwenyewe zilizokataa kutii," alikuwa akisema. "Mwili unaziambia basi, zenyewe zinaendelea kuzaana. Hujarogwa. Hukumkosea mtu. Mama Somoe, mkono utashona, ila mazoezi uanze mapema hata kama panauma, nitakuonyesha. Nani tena?"

Mzee Ausi alikohoa. "Sista, mie naulizia kikombe."

"Kikombe gani, baba?"

"Nikinywea kikombe chake."

"Utakunywa chai, baba, basi. Haiambukizi. Si kwa kikombe, si kwa sahani, si kwa kulala kitanda kimoja."

Mzee Ausi alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha mkewe kilichobaki nusu, akakinywa chote mpaka majani ya chai. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Miezi yote hii," akasema. "Mama Havijawa, miezi yote hii nimekuacha unakula peke yako."

"Hukuwa unajua," mkewe akamjibu. "Nipe hicho kikombe, umenimalizia chai yangu."

Wakacheka, watu wakacheka, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nusura nicheke. Nilitazama saa yangu. Sista alikuwa ametumia dakika kumi na tisa. Hakuna aliyebaki na swali. Maegesho ya Maswali yalikuwa yamebaki bila kazi.

Nifanye nini? Niliandika taarifa, kama inavyotakiwa, ya mtumishi kuelimisha nje ya mtaala. Wiki ile ile Sista Leokadia akahamishiwa stoo ya mabango. Nilipomkabidhi barua aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Kaka Fidelisi, wewe si mtu mbaya. Ndiyo maana unatisha." Sijaelewa mpaka leo alimaanisha nini, ingawa nimejaribu.

*

Mwezi wa tatu akateuliwa Waziri mpya. Tulishangilia mpaka viti vikaanguka. Bi Somoe alifunga mkoba wake upya. Waziri mpya akaja, mwanamume mwembamba, makini, akasimama kwenye kipaza sauti.

"Nimeombwa nifunge semina hii," alisema. "Lakini mimi ni muumini wa utaratibu. Mtu hawezi kufunga asichokifungua. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, natamka rasmi kwamba semina hii... imefunguliwa!"

Akakata utepe, akapanda gari, akaenda ziara ya mikoa yote. Mwanasheria wetu alilichambua jambo hilo kwa siku tisa, akahitimisha kwamba sasa tuna semina moja iliyofunguliwa mara mbili, na kwa hiyo itahitaji kufungwa mara mbili. Nikawarudishia watu dodoso wajaze upya. Bi Somoe alifika swali la kwanza, *Je, unatarajia nini kutokana na programu hii?*, akaweka kalamu chini. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya kitambaa, "Mwanangu, hapa kuna mlango wowote ambao mimi siujui?"

Nikamwambia hakuna.

Ziara ya mikoa yote ni ndefu kwa sababu mikoa yetu ni mingi na kila mmoja una ngoma. Waziri alirudi mwezi wa nane ukinyemelea. Alifunga asubuhi kwa nafasi yake, tukapiga makofi, tukanywa soda, na mchana akafunga kwa niaba ya mtangulizi wake, tukapiga makofi tena. Vyeti vikatolewa kwa wagonjwa kumi na watano, kama ilivyopangwa. Tisa walipokea wenyewe. Vya sita vilipokelewa na familia zao, na kati ya familia hizo wajane wawili walikuwa wamevaa kaniki, jambo lililoharibu kidogo picha ya pamoja.

Bi Somoe alipokea chake mwenyewe. Mzee Ausi alimshika kiuno kupanda jukwaani, kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Aliinama kwa heshima, akapeana mkono na Waziri, akashuka, na hawakungoja pilau. Walivuka barabara moja kwa moja. Safari hii bawabu alikipokea cheti, akakisoma mbele na nyuma, akafungua mlango.

*

Kwa kazi yangu nzuri nilipandishwa cheo. Nikawa Afisa Mkuu wa Takwimu za Ucheleweshaji, mwenye meza na kiti cha kuzunguka pale pale hospitalini, kando ya dirisha la dawa. Wizara ilikuwa imegundua kwamba wagonjwa wetu wa saratani wanawafikia madaktari wakiwa wamechelewa mno, na ikataka kujua kwa nini.

Siku yangu ya pili kazini, Bi Somoe na Mzee Ausi walikuja mezani. Daktari bingwa alikuwa amempima. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwapani na kwenye mifupa ya mgongo, na kisu hakikuwa na kazi tena. Alikuwa amemwandikia dawa ya maumivu, ile ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne. Dawa hiyo haitolewi mpaka fomu yangu ijazwe.

"Sababu ya kuchelewa," nikawasomea. "Ujinga, mganga wa kienyeji, umbali, au uzembe."

Mzee Ausi alisubiri kama niko katikati ya kusoma. "Semina haimo?"

"Haimo, mzee."

"Hakuna hata pa kuandika kwa mkono, pembeni?"

"Hakuna."

Bi Somoe alikuwa amemwegemea mumewe, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Weka huo ujinga, mwanangu. Mgongo unaniuma."

Nikaweka alama. Chini yake fomu inauliza: ujinga wa nani, mgonjwa au familia?

"Familia," Mzee Ausi akasema upesi. "Andika mimi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kitu."

"Hapana." Bi Somoe alijivuta akasimama wima, akashika ukingo wa meza yangu. "Baba Havijawa, wewe utabaki na watu. Dada zako watakusema mpaka siku ya kufa kwako kwamba ulimuua mkeo kwa ujinga, na karatasi ya serikali watakuwa nayo. Mimi hawatanipata wa kunisema. Niandike mimi, mwanangu."

"Mama Havijawa, usifanye hivyo."

"Andika. Somoe Lipande."

Nikaandika. Niliandika jina lake kwenye mstari usio wake, nikaharibu fomu ya kwanza, ikabidi nichukue nyingine na kuwasomea tena maswali yote tangu mwanzo, naye akayajibu yote tena, moja moja, hajakosea hata moja. Dirisha likafunguliwa, akapewa chupa yake, akanishukuru.